Kifungu cha Tisa: Waliokula na Wasiokula

Kwa furaha isiyo na kifani, na baada ya mashauriano mapana yaliyowashirikisha watu watatu, Tume ya Kutunga Kanuni za Uchaguzi Huru na wa Haki ya ukumbi wa mtandaoni wa Mwenyeji inatangaza kwamba kazi yake imekamilika. Kanuni zimetungwa na uchaguzi umefanyika. Ulikuwa huru na wa haki kupita kiwango kilichokusudiwa.

Mimi naitwa Shafina, katibu wa Tume. Nimeagizwa kuandika taarifa hii kwa sababu nina stashahada ya uendeshaji wa ofisi, na kwa sababu siongei sana.

Kwa wasioujua, Mwenyeji ni ukumbi ambapo watu wa Afrika Mashariki waliotangulia kufika Canada huwajibu kwa Kiswahili wale waliofika juzi. Koti gani linafaa, daktari anapatikana vipi, mtoto aandikishwe shule gani. Wote tunajitolea. Tangu mwaka 2004 ukumbi umeongozwa na Anko Alnasir wa Unionville, mwenye duka la vyombo vya umeme kule Markham. Cheo chake ni Msimamizi Mkuu. Hakuwahi kuchaguliwa, maana haikuwahi kuwa na haja: yeye ndiye mwenye neno la siri.

Majibu yenyewe, kwa sehemu kubwa, aliyatoa Bi Gulshan wa Parkdale, mjane, muuguzi mstaafu aliyekulia Moshi. Alikuwa na uzi wake ulioitwa "Muulize Gulshan". Ukiuliza asubuhi, mchana umejibiwa. Hakukuwa na fomu wala namba ya kumbukumbu. Hali hiyo haikuweza kuvumiliwa. Oktoba 2011 Msimamizi Mkuu aliufunga uzi ule kwa ajili ya ukarabati, akaanzisha Foleni ya Maswali, ambapo kila swali hupokelewa, hupewa namba, hujadiliwa, na hujibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

Mafanikio yalionekana mara moja. Kufikia Januari tulikuwa na maswali arobaini na moja yaliyopokelewa vizuri sana.

Swali namba 2316 (hesabu ilianzia 2300, ili tuonekane tuna kazi) liliandikwa na mama mmoja, Mahjabeen. "Nimefika Novemba kutoka Tanga. Nina watoto wawili. Fleti yetu hapa Parkdale haina joto, leo siku ya tano, na mwenye nyumba hapokei simu. Watoto wanalala na makoti. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa mujibu wa utaratibu: "Swali lako limepokelewa. Asante kwa uvumilivu wako." Siku hiyo baridi ilikuwa digrii kumi na nane chini ya sifuri. Nililitazama neno "uvumilivu" kwa muda. Kisha nikatenda kosa la kiutumishi, ambalo naliungama hapa ili rekodi iwe kamili: nilimtumia kwa siri namba ya simu ya Bi Gulshan.

Wiki hiyo hiyo wanachama mia tatu walitia saini kudai uchaguzi, na Bi Gulshan akatangaza kugombea. Ilani yake yote ilikuwa na maneno mawili: "Nitafungua uzi."

Msimamizi Mkuu aliupokea mwito wa demokrasia kwa mikono miwili. Aliunda Tume huru papo hapo, akajiteua mwenyekiti ili isije ikaingiliwa, akamweka Anko Noordin kuwa mwanasheria na mimi katibu. Anko Noordin kwa kweli ni mhasibu, ila aliwahi kusoma katiba ya klabu ya kriketi mpaka ukurasa wa mwisho. Tulikutana nyumbani kwa Msimamizi, chumba cha chini, kwenye meza ya karamu.

"Haki kwanza," alifungua kikao. "Asipendelewe mtu. Hasa mimi, jamani, msinipendelee. Kifungu cha kwanza: mgombea awe na uzoefu wa Usimamizi Mkuu usiopungua miaka saba."

"Alnasirbhai," alisema Anko Noordin, "wa namna hiyo Canada nzima yuko mmoja."

"Basi kura zitakuwa rahisi kuhesabu."

"Watu wataona."

"Wataona nini?"

"Watakuona wewe."

Kifungu kiliondolewa kwa sababu za kuonekana. Msimamizi akapendekeza kwamba mgombea awe na nafasi ya kuegesha magari mawili, kama ishara ya utulivu wa akili. Hicho nacho kilikuwa kinaonekana, kwani Bi Gulshan hupanda tramu. Siku tatu nzima tulitunga vifungu na kuvifuta. Cha nne kilisalimika: kila mwanachama atampendekeza mgombea mmoja tu, na hatajipendekeza mwenyewe. Cha saba kilisema mgombea lazima apate walau mpendekezaji mmoja. "Hata mpumbavu hakosi mmoja," alisema Msimamizi, na mimi nikaandika kwamba kifungu kilipita kwa kauli moja.

Siku ya nne alikuja ameng'aa.

"Yule mama anapikia watu," alisema, kama mtu anayetoa taarifa polisi. "Kila Jumamosi. Nimeambiwa wanajaa mpaka kwenye ngazi. Bokoboko la ngano na nyama! Sasa niambieni, mtu aliyeshiba bokoboko atampa nani kura?"

"Aliyempikia," alisema Anko Noordin.

"Na hiyo inaitwaje?"

"Ukarimu?"

"Rushwa, Noordin! Rushwa ya kijiko! Andika, binti."

Nikaandika. Kifungu cha tisa: mtu yeyote aliyewahi kula chakula cha mgombea yeyote, kiwe cha moto au cha baridi, hatapendekeza wala kupiga kura katika uchaguzi huu.

"Na wale watakaosema hatukula, tulionja tu?" aliuliza Msimamizi. "Ongeza: kiwe kimemezwa au kimemung'unywa."

Nikaongeza. Anko Noordin akavua miwani. "Mgombea mwenyewe je? Si anakula chakula chake kila siku?"

"Chake mwenyewe kisihesabiwe. Tusiue watu."

"Na chai?"

Hapo Tume ilikaa saa mbili. Iliamuliwa kwamba chai ya maziwa ni chakula, na chai ya rangi ni maji yaliyobadilika tabia. Kachumbari iliwekwa kwenye chakula baada ya Msimamizi kukumbuka kwamba Bi Gulshan anajulikana kwa kachumbari.

"Kuna tatizo moja," alisema Anko Noordin. "Watu wameshakula. Sheria hairudi nyuma."

"Hii itarudi. Kwani haina gia? Ihesabiwe tangu 2004."

Nilinyoosha mkono. Nilitaka kuuliza iwapo, wakati tunangoja uchaguzi, swali namba 2316 lingeweza kujibiwa nje ya foleni, kwa kuwa jibu lake ni sentensi moja: piga simu manispaa, watatuma mkaguzi. Lakini Msimamizi alidhani naomba chumvi, akanisogezea.

Mwisho kabisa akaongeza kifungu cha kumi na moja, kwamba kanuni hazitabadilishwa na mtu yeyote mpaka uchaguzi uishe. "Asije yule mama akatuchezea," alieleza.

Kanuni zilipotangazwa, wanachama walizisifu sana. Watu walikuwa wamechoka na rushwa za kule walikotoka. Bi Gulshan mwenyewe aliandika: "Naunga mkono kifungu cha tisa. Nyinyi mliokula kwangu, poleni, mtakaa nje safari hii. Jumamosi njooni kama kawaida." Msimamizi alilisoma hilo mara mbili. "Amejimaliza," alisema kwa huruma.

Uandikishaji ulifanyika mtandaoni. Kila mwanachama alitakiwa kutia alama kwenye "Nimekula" au "Sijala", na kama amekula, ataje kwa nani. Watu wetu ni wacha Mungu. Mtu atachelewa mkutano saa mbili bila kutubu, lakini hatasema uongo kuhusu chakula alichokula. Mimi binafsi nilikuwa nimekula kwa wote wawili, kwa hiyo nilikuwa safi kabisa: sikuwa na haki yoyote.

Jumapili ya mwisho ya kupokea majina, asubuhi, nilisoma matokeo mezani.

"Waliokula kwa Bi Gulshan: mia mbili na watatu."

Msimamizi alisugua viganja. "Mia mbili na watatu! Nilisema. Futa wote."

"Nimewafuta, Anko. Waliokula kwako: mia tano na themanini."

Aliacha kusugua.

"Kwangu? Wamekula kwangu lini?"

"Kwenye arusi, Anko."

Arusi ya binti yake ilifanyika mwaka 2009, siku tatu, katika ukumbi mkubwa wa Markham. Aliitangaza kwenye ukurasa wa mbele wa Mwenyeji kwa maneno haya: "Nyote ni wangu, nyote mnakaribishwa." Wakaja wote. Waliokuwa wageni mwaka huo wanaikumbuka ile biriani mpaka leo. Baadhi waliandika kwenye fomu, pembeni ya "Nimekula", kwamba Mungu amzidishie.

"Noordin," alisema Msimamizi kwa sauti ndogo, "wewe utanipendekeza."

"Mimi? Mimi nilikula siku zote tatu, Alnasirbhai. Na cha siku ya nne nilifungiwa nikaenda nacho nyumbani."

"Binamu Ameer! Ana kisukari, hakugusa kitu."

"Alikula kachumbari," nilisema.

"Kachumbari si chakula!"

"Ni chakula, Anko. Kumbukumbu za kikao cha nne, ukurasa wa sita. Ulisisitiza."

"Tukibadilishe hicho kifungu."

Anko Noordin akasoma cha kumi na moja kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma wasia.

"Basi walio mbali! Kuna watu Windsor, kuna watu Calgary, Edmonton. Hao hawakuja arusini."

Ilikuwa kweli. Wanachama mia tatu na tisini walikuwa hawajala kwa mgombea yeyote. Waliishi mbali mno na sufuria zote mbili. Walichopata kutoka Mwenyeji kilikuwa majibu tu, yaliyoandikwa, kwenye uzi uliofungwa. Wote walikuwa wamempendekeza Bi Gulshan tangu siku ya kwanza, kabla ya saa sita mchana. Mmoja wa Winnipeg aliandika chini ya fomu: "Alnasir ni nani?" Nililifuta swali hilo kwa ajili ya heshima.

Anko Noordin alipekua orodha kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akacheka, akajifanya anakohoa.

"Yupo mmoja," alisema. "Hajala kwa mgombea ila kwake mwenyewe, na hajampendekeza mtu bado. Siku zile za arusi alikuwa hospitali, akimtafsiria mama aliyejifungua kwa shida."

"Alhamdulillahi! Nani?"

"Gulshan."

Alichosema Msimamizi hapo hakikuandikwa kwenye kumbukumbu.

Majina yalikuwa yanafungwa saa kumi na mbili jioni. Saa nane tulikuwa mlangoni, mimi na Msimamizi, tukivaa makoti, ndipo mkewe, Anti Zahira, alipotoka jikoni na boksi.

"Unakwenda nyumba ya watu mikono mitupu?"

"Naenda kikazi, Zahira."

"Kikazi ndiyo hawali? Watu watasema Alnasir hana mke. Sambusa hizi thelathini, bado za moto. Shafina, shika, mama, yeye ataziangusha."

Nilizishika. Nakiri kwamba njia nzima, kutoka Unionville mpaka Parkdale, boksi lilikuwa mapajani mwangu na kifungu cha tisa kilikuwa kichwani mwangu, na kila nilipofungua mdomo Msimamizi alikuwa anakariri hotuba yake. Tulizunguka mtaa dakika ishirini kutafuta pa kuegesha. Saa kumi kasorobo tulibisha hodi.

"Karibu, karibu, Alnasirbhai! Leo mvua itanyesha Januari," alisema Bi Gulshan. "Vueni viatu, theluji hiyo. Shafina, mwanangu, umekonda. Kaeni. Huyu ni Mahjabeen, na hawa wanawe. Wamehamia kwangu mpaka fleti yao ipate joto."

Mahjabeen alisimama kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Msimamizi. "Tumewahi kuonana?"

"Hapana, mzee. Mimi ni swali namba 2316."

Msimamizi akatikisa kichwa kwa upole. "Limepokelewa," alisema.

Kwetu mtu hasemi shida yake kabla ya chai, na chai haiji peke yake. Alicholeta mgeni hufunguliwa mbele yake, kiliwe naye, vinginevyo ni kumwambia kwamba alichobeba hakina maana. Bi Gulshan alifungua boksi. Harufu ikajaa chumba. Aliwapa watoto kwanza, akampa mama yao, akanipa mimi, akamwekea Msimamizi mbili kwenye kisahani. Kisha akachukua moja, akaikamulia ndimu.

"Bi Gulshan," nilisema.

Nadhani nilisema. Huwa sauti yangu haifiki mbali.

Aliing'ata. Akafumba macho. "Zahira huyu! Nyama ameikausha barabara. Mwambie nimesema hivyo. Haya, Alnasirbhai. Mmetoka mbali na baridi hii. Kuna nini?"

Msimamizi aliweka kisahani chini akatoa hotuba. Alizungumzia umoja. Alizungumzia utamaduni wa ushindani, na kwamba ushindi usio na mpinzani ni fedheha kwa mshindi. Kwa ajili ya heshima ya Bi Gulshan mwenyewe, alisema, yuko tayari kujitolea kushindana naye. Kilichopungua ni jina moja dogo kwenye fomu.

Bi Gulshan alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuna.

"Ndiyo hilo tu? Mbona rahisi! Nitakupendekeza. Mtu hamnyimi mwenzake jina. Leta fomu."

Msimamizi alifumba macho kwa faraja. Nikafungua kompyuta. Fomu ilikuwa na swali moja tu la kuapia kabla ya jina: umekula au hujala. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nilijua pia kwamba nikinyamaza uzi hautafunguliwa leo, utangoja mpaka kura zipigwe. Mtoto mdogo wa Mahjabeen alikuwa ameegemea bega langu, na alikuwa bado amevaa koti, ndani ya nyumba yenye joto. Mama yake alisema amekataa kulivua tangu wiki iliyopita, haamini tena.

"Samahani, Anko," nilisema, na safari hii nilijisikia. "Amekula."

"Nani amekula?"

"Bi Gulshan. Amekula chakula cha mgombea. Kifungu cha tisa."

Msimamizi alimtazama Bi Gulshan, akaitazama sambusa, ambayo ilikuwa imebaki pembe moja.

"Hajamaliza!" alisema. "Gulshanbai, usimeze!"

"Kiwe kimemezwa au kimemung'unywa," nilisoma.

"Nani aliweka hilo neno?"

"Wewe, Anko."

"Zahira!" alisema, kwa mtu aliyekuwa kilomita thelathini kutoka pale.

Bi Gulshan alimeza, akafuta vidole. Uso wake ulikuwa umejaa masikitiko ya kweli, au yaliyofanana nayo sana.

"Pole, kaka yangu. Laiti ningejua, ningesubiri." Kisha akavuta boksi karibu. "Lakini kwa kuwa haki yenyewe imeshapotea, sioni ubaya wa ya pili."

Saa kumi na mbili kamili nilitangaza. Majina yaliyopokelewa: moja. Kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa na Tume huru, Bi Gulshan amechaguliwa Msimamizi Mkuu bila kupingwa. Mahjabeen alipiga kigelegele, na watoto wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Kilichobaki kilikuwa makabidhiano ya neno la siri. Msimamizi wa zamani aliomba kulinong'ona. Lilikuwa jina lake mwenyewe, mara mbili. Bi Gulshan alilipokea bila kucheka, jambo ambalo nalitaja hapa kama mfano wa uongozi bora. Akafungua uzi. Akajibu maswali manane pale pale, kwa kidole kimoja, huku akikoroga sufuria. Kwa namba 2316 aliandika kwamba manispaa imeshapigiwa simu na mkaguzi atafika Jumanne, ili wengine wenye shida hiyo wajue la kufanya.

"Jumanne ni mbali," alisema, akipakua bokoboko. "Alnasirbhai, kula, usiku bado mrefu. Kula, bwana, hugombei tena, hakuna dhambi."

Alikataa mara ya kwanza, kama inavyopasa. Mara ya pili alikataa kwa sauti ndogo. Mara ya tatu alikuwa na kijiko.

"Sasa," alisema Bi Gulshan, "kikao cha kwanza cha uongozi mpya. Shafina, andika. Dukani kwa Alnasirbhai zipo hita. Napendekeza hita tatu ziende fleti ya Mahjabeen leo, zikae mpaka joto lirudi. Ni jengo la pili kutoka hapa, ghorofa ya nne, lifti imekufa. Alnasirbhai atazibeba mwenyewe. Asiyeafiki aseme hapana."

Kila mtu alimgeukia. Alikuwa ameinua kidole, na macho yalimtoka, na shingo ilikuwa inafanya kazi kwa bidii. Tulisubiri muda wa kutosha, kwa mujibu wa taratibu. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba azimio lilipita kwa kauli moja, mjumbe mmoja akiwa na mdomo umejaa.